Shahidi wa Boksi la Fyuzi

Lori la Danstan Bizimana lilizimika Nemba siku ya Jumatatu, mbele ya gereji ya mtu asiyemfahamu, na hilo la mwisho ndilo lililomkera kuliko kuzimika kwenyewe. Lingezimikia kwao Ntobeye, angejua fundi yupi ni mwizi na yupi ni mwizi kidogo. Huku Biharamulo hakujua mtu. Alifungua kifuniko kilicho chini ya usukani, harufu ya plastiki iliyoungua ikampiga usoni. Boksi la fyuzi lilikuwa limeyeyuka upande mmoja, na waya zilizoingia humo zimekuwa nyeusi.

Mwenye gereji alikuja akijifuta mikono kwa tambara. Alikuwa Msukuma mnene, mpole wa maneno, jina lake Shibuda. Aliinama, akatazama kwa muda mrefu, kisha akainuka.

"Hili halitengenezeki, kaka. Linabadilishwa."

"Lazima useme hivyo," Danstan alisema. "Wewe si ndiye muuzaji?"

"Mimi siuzi spea. Nenda kanunue mwenyewe popote unapotaka, uniletee la matundu kumi na mawili. Mimi nitafunga tu."

Jibu hilo lingemtuliza mtu mwingine. Danstan lilimzidishia wasiwasi. Fundi asiyetaka kukuuzia spea, anataka nini?

Tatizo lilikuwa moja. Kila mwenye gari kuanzia Ngara mpaka Biharamulo anaijua kanuni hii: gari halilali gereji peke yake. Ukiliacha na betri nzuri, unarudi kulikuta na betri yenye sura ileile na roho nyingine. Ndiyo maana Danstan alikuwa amechora herufi D.B. kwa msumari kwenye betri, kwenye starta, kwenye jeki, hata kwenye ndoo ya maji. Betri ameitia ndani ya kisanduku cha chuma chenye kufuli, na ufunguo wa kufuli hilo ulining'inia pamoja na ule wa kuwashia gari. Tingo, kijana wa kumsaidia garini, hakuwa naye. Mwaka huo peke yake alishafukuza watatu, wote kwa kuwashuku kunyonya dizeli, na hakuna hata mmoja aliyemkamata akinyonya.

Basi alimpigia simu mkewe nyumbani.

"Mama Renatus, kesho panda gari la asubuhi, uje unilindie lori."

*

Deodata alifika Jumanne na kikapu chake, shuka moja na ukindu wa kusukia mkeka. Hakuuliza maswali mengi. Alijua lori lile ndilo linalomweka Renatus sekondari na ndilo lililoezeka nyumba yao bati, na pesa ya kununulia boksi jipya ilikuwa ya mbuzi wake wawili aliowauza jana yake kwa bei ya haraka. Aliketi juu ya tairi kuukuu mbele ya gari, akapokea maagizo kama mlinzi wa benki.

"Usibandue macho," Danstan alimwambia, kwa sauti ambayo fundi aliisikia vizuri sana. "Ukienda chooni, mwambie aweke vyombo chini mpaka urudi. Kila anachotoa akitie kwenye kiroba, nitahesabu mwenyewe. Hawa watu wana mikono miepesi."

Deodata aliona haya. Alimtazama fundi, akamkuta anatabasamu.

"Usijali, shemeji," Shibuda alisema. "Mwenye mali hakosi maneno."

Danstan alipanda gari kwenda Biharamulo mjini kununua boksi, na neno lile "shemeji" akaenda nalo njia nzima.

Jua lilipozama hakuwa amerudi. Alipiga simu kwamba maduka yamefungwa, atalala gesti. Mke wa fundi, Suzan, alikuja na sahani ya michembe, viazi vikavu vilivyopikwa, akamkuta Deodata anajikunja ndani ya kebini.

"Mwanamke halali kwenye lori kando ya barabara, dada. Njoo ulale kwangu."

"Na gari?"

"Mume wangu atalala humo alilinde. Gari lisipokuwepo asubuhi, na yeye hatakuwepo, nitakuwa nimepumzika." Alicheka mwenyewe, na Deodata akacheka kwa mara ya kwanza tangu atoke Ntobeye.

*

Jumatano asubuhi Danstan alirudi na boksi kwenye mfuko wa karatasi. Hakumkabidhi fundi. Alilitoa mbele ya mkewe, akaligeuza, akachora D.B. nyuma yake kwa ncha ya msumari, akamwekea Deodata mapajani.

"Ni hili. Umeliona?"

"Nimeliona."

"Ndilo litakalofungwa, si lingine."

Kisha akadandia bodaboda kwenda Kaniha. Alikuwa amesikia kuwa Bernardo, mfanyabiashara wa mahindi, anatafuta lori la kupeleka gunia sitini Ngara.

Siku ile Deodata alijifunza mambo ambayo miaka kumi na minne ya kuolewa na lori haikumfundisha. Shibuda alichomoa waya wa betri kwanza, halafu akang'oa boksi la zamani, na kila kipande cha waya ulioungua alikikata akakitia kwenye kiroba mbele ya macho yake. Alipofunga waya mpya alimwita.

"Shemeji, njoo uweke kidole hapa. Hii ni ya honi. Hii ya wipa. Hii ya taa za nyuma na breki. Mume wako yuko na haraka, huenda asinisikilize, kwa hiyo nakwambia wewe."

"Mimi ni mlinzi tu."

"Mlinzi ndiye wa kuambiwa. Angalia." Alichomoa hiyo ya breki, fyuzi ndogo ya bluu, akaiinua kwenye mwanga. Ndani yake kulikuwa na uzi mwembamba. "Fyuzi ni kama mbwa wa nyumbani. Akibweka humpigi. Unatoka nje kuangalia nani amekuja."

Deodata aliirudisha kwenye tundu lake kwa mkono wake mwenyewe. Mkeka ulibaki na mistari mitatu, kwa sababu hakusuka tena.

Saa kumi alasiri Shibuda alitambaa chini ya bodi la lori, akatoka akiwa na uso wa mtu aliyeona jambo.

"Waya wa taa za nyuma unasugua chuma cha chesisi. Nimeona pameanza kuchubuka, na mbele unakokwenda sijaufungua. Nafikiri hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Nipate nusu siku nyingine, gari likiwa tupu, niutoe wote niupitishe kwenye mpira. Siwadai zaidi ya tulivyopatana."

Danstan aliingia gereji wakati huohuo. Alichokiona ni mkewe ameshika taa ya kupimia, fundi ameshika waya, na wote wawili wamenyamaza ghafla. Walikuwa wamenyamaza kwa sababu walimngoja asalimie.

"Mmemaliza?"

"Baba Renatus, fundi anasema kuna waya huku nyuma, nusu siku tu, tena bure..."

"Bure!" Danstan alimgeukia Shibuda. "Bure ya wapi hiyo? Bernardo anapakia kesho asubuhi. Nikichelewa anampa mtu mwingine. Wewe unanizuia ili iweje?"

"Sikuzuii, kaka. Ila usipakie. Na kama fyuzi ya breki itakatika, usiibadilishe kwa kubwa zaidi. Rudi."

"Nirudi!" Danstan alicheka kwa pua. Alimwaga kiroba chini, akahesabu vipande vya waya mbele ya watu waliokuja kujaza upepo, akavirudisha ndani, akalipa elfu sitini ya ufundi noti moja moja, akamwambia mkewe apande. Kiroba alikiweka chini ya kiti chake.

Njiani Danstan aliuliza, "Ya honi ni ipi?"

"Ya pili kutoka juu."

"Ya wipa?"

"Inayofuata."

"Umekuwa fundi kwa siku moja," alisema, na hakulisema kama sifa. "Ulilala wapi jana?"

"Kwa Suzan, mke wake. Nilikwambia kwenye simu."

"Ulisema."

Deodata alitazama nje. Iliuma. Alitumwa akawe macho ya mume wake, na sasa mwenye macho hayaamini.

*

Gunia sitini zilipakiwa Kaniha Alhamisi kabla ya saa nne. Bernardo mwenyewe, mtu wa pikipiki na kofia ya pama, alifuata nyuma kwa sababu naye hakumwamini dereva asiyemjua. Hawakwenda mbali. Kwenye mteremko wa kwanza alipita akipiga honi, akawasimamisha.

"Taa zako za breki haziwaki! Umefunga breki nikakaribia kuingia chini ya lori. Unataka kuniua upate mahindi?"

Danstan alifungua kifuniko. Fyuzi ya bluu ilikuwa imekatika. Akaweka mpya. Alipokanyaga breki tu, ikakatika nayo. Alikaa akiitazama, na Deodata aliona uso wake ukijaa ushindi, uso wa mtu aliyekuwa akingoja kuibiwa na sasa ameibiwa.

"Unaona? Amenibadilishia fyuzi. Au amebadilisha boksi zima. Hizi si zangu."

"Ni zako. Nilizichomeka mimi mwenyewe."

"Ulizichomeka wewe?"

"Alinionyesha. Baba Renatus, alisema fyuzi ni kama mbwa, akibweka humpigi; ikikatika turudi. Ni ule waya wa nyuma."

"Turudi tukiwa na gunia sitini, tuzishushe, tulale tena, ulale tena kwa Suzan. Mbwa huyu amefundishwa kubweka ili turudi kwa aliyemfundisha."

Aliingiza mkono chini ya kiti, akavuta kiroba cha waya za zamani. Alichuna kipande kimoja kwa meno, akasokota nyuzi za shaba zenye urefu wa kidole kizima, akazipachika mahali pa fyuzi. Taa zikawaka. Bernardo, aliyekuwa nyuma ya lori, alipaza sauti kwamba sasa ni sawa, akawasha pikipiki akatangulia.

"Utaunguza gari," Deodata alisema.

"Ukiogopa, shuka utembee."

Deodata alikuwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Alifikiria kutembea. Halafu akafikiria watu watakavyouliza kwa nini mke wa Danstan anatembea nyuma ya gari la mumewe, akapanda.

Hawakumaliza kilomita tatu. Kwanza ilikuja harufu, na Danstan akasema ni klachi. Kisha moshi mwembamba ukatoka chini ya usukani, akasema ni vumbi. Moto ulipochungulia kwenye kifuniko hakuwa na jina la kuupa. Waliruka, huku na huku. Danstan alikimbilia betri aikate, akakuta kisanduku chake mwenyewe kimefungwa kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unaning'inia kwenye usukani ndani ya moto. Alivuta kufuli lile kwa mikono mitupu mpaka kucha ikatoka.

"Rori! Rori rinaungua!" mwanamke mmoja alipiga kelele shambani, na watu wakatoka na majembe, wakitupia udongo, wengine wakiangusha gunia kutoka juu. Gunia arobaini na tisa ziliokolewa. Kebini iliungua mpaka ikabaki mifupa. Bernardo aliporudi hakutoa pole. Alihesabu gunia, akahesabu tena.

"Kumi na moja ziko wapi? Zimeungua au zimeota miguu?"

*

Ijumaa asubuhi walitembea kwenda ofisi ya kata ya Nemba. Danstan alikuwa amemshitaki Shibuda kwamba alimfungia boksi bovu na kuiba zima. Boksi lenyewe lilikuwa ndani ya mfuko aliobeba, donge jeusi la plastiki. Alikuwa amelikwangua kwa kisu kutafuta D.B., lakini herufi zilikuwa zimeyeyuka pamoja na vyote. Kama ni kuona ni boksi lipi lililofungwa, dunia nzima ilikuwa na watu wawili tu, fundi na Deodata.

"Utasema ulisinzia," Danstan alisema bila kumtazama. "Saa nane, jua kali, ukasinzia kidogo. Ulipozinduka ukakuta boksi limeshafungwa. Basi. Hiyo si dhambi."

"Sikusinzia."

"Nani anajua?"

Deodata aliutazama ule mfuko mkononi mwake.

"Akilipa yule, tunatengeneza gari. Asipolipa, Renatus anarudi nyumbani na sanduku lake, na Bernardo anachukua shamba letu la migomba kwa gunia zake kumi na moja. Mimi sikuombi umuue mtu. Nakuomba usinzie."

Na ukweli usemwe, Deodata alifikiria kusinzia. Alilifikiria neno hilo hatua kwa hatua, jinsi lilivyo dogo, jinsi hata padri angelisamehe bila kuuliza mara ya pili. Alikuwa anampenda mwanawe. Alikuwa hata anamhurumia huyu mwanamume aliyetembea mbele yake na kidole kilichofungwa kitambaa.

Ofisini walikuta vyombo vya Shibuda vimepangwa sakafuni: spana, koleo, mashine yake ya kupimia umeme. Danstan alikuwa ameomba vizuiwe mpaka shauri liishe, na fundi alikuwa amevibeba mwenyewe kuvileta. Alisimama kando ya vyombo hivyo pamoja na Suzan, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu.

"Shikamoo, mama mtendaji," Danstan alisema.

"Marahaba. Kaeni." Mtendaji wa kata, Yuster, alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimsikiliza Danstan mpaka mwisho. Alimuuliza Shibuda ana la kusema.

"Nilifunga nilicholetewa, mama. Sina zaidi."

"Shahidi?"

"Mke wangu," Danstan alisema haraka. "Alikuwepo. Lakini jua lilikuwa kali, unajua tena wanawake na kuchoka kwa safari..."

"Nitamuuliza yeye."

Deodata alisimama. Alitazama zile spana. Moja ilikuwa imefungwa kamba ya mpira pale ilipovunjika, na kuiona hivyo sakafuni ndiko kulikommaliza.

"Sikusinzia," alisema. "Boksi lililofungwa ndilo alilolileta mume wangu. Fundi alisema tusipakie, kuna waya umechubuka, akataka kuutengeneza bure. Tulikataa. Fyuzi ilipokatika njiani, mume wangu alisokota nyuzi za shaba akaweka badala yake. Alizitoa kwenye kiroba cha waya za zamani. Mimi nilimwambia, halafu nikanyamaza, nikapanda. Kwa hiyo na mimi nimo."

Watu waliokuwa dirishani walianza kunong'ona. Danstan alimgeukia mtendaji.

"Muulize alilala wapi Jumanne."

Waliokuwa dirishani wakasogea karibu. Deodata alihisi uso wake unawaka mbele ya watu wote wale wasiomjua.

"Alilala kwangu," Suzan alisema. "Kitanda kimoja na mimi. Mume wangu alilala kwenye lori lako, anakulindia."

"Mmesikia?" Danstan aliruka. "Alilala ndani ya gari! Usiku kucha, peke yake, na boksi langu!"

"Usiku huo boksi lilikuwa nawe gesti, Biharamulo," Deodata alisema polepole. "Ulilileta asubuhi yake."

Mtu mmoja dirishani alicheka, akanyamazishwa. Danstan alimtazama fundi, akamtazama Suzan, akamtazama mtendaji, akitafuta mtu aliyebaki wa kumshuku, na macho yake yakarudi kwa mkewe yakakaa hapo. Kisha akachukua kofia yake, akatoka. Mfuko wenye lile donge aliuacha mezani.

Shibuda hakufurahi. Aliinama, akaanza kukusanya vyombo vyake kimoja kimoja, taratibu, kama anayeogopa vitapiga kelele.

Yuster alivuta karatasi ya maelezo, akafungua kalamu. "Lazima niandike, mama. Jina?"

"Deodata Niyonkuru."

"Unatoka?"

"Ntobeye, wilaya ya Ngara."

"Uhusiano wako na mlalamikaji?"

Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona Danstan barabarani, amesimamisha bodaboda, anapanda peke yake. Hakugeuka. Pikipiki iliondoka kuelekea Biharamulo, na vumbi lake likachukua muda kutulia. Mtendaji alingoja, kalamu juu ya karatasi.

"Andika mke," Deodata alisema. "Akitaka kufuta, aje afute mwenyewe."